Kukosea

Moshi wa tanuri la chokaa, Pongwe,
haujui kudanganya:
ulipo, pana moto.
Mshale wa mizani ya mkonge ukipotoka
twasema kitu kibovu. Hatusemi kimedhania.

Lakini jana, Barabara ya Kumi na Mbili,
nilimwita mwendesha baiskeli, "Mwanakheri!"
Akageuka mtu mwingine.
Akaitika "Abee," kwa adabu tu.

Mwanakheri tulimzika Machi.

Daktari wa Bombo, nionyeshe ile picha ya kichwa:
hapa damu, hapa chumvi,
hapa umeme kidogo.
Sawa. Nakubali vyote.
Ila nyama hii, ratili tatu,
ilijifunza wapi
kumwelekea asiyekuwepo,
ikakosea
kwa sauti kubwa vile,
barabarani?