Sipendi Bamia

Mwanangu hali bamia.
Ukimlazimisha anaiweka shavuni,
anaitunza kama amana ya jirani,
kisha anakwenda kuitema nyuma ya banda la kuku.

"Huyu kamfuata nani?" anauliza mkwe wangu, Bi Mchanga,
mkono umo kwenye mchuzi.
"Ukoo wetu, tangu Kiuyu hadi hapa Wete,
hajazaliwa mtu wa kukataa bamia."
Shaame anainamia sahani.
Mie natafuta chumvi iliyo mbele yangu.

Macho, kasema, ni ya marehemu shangazi yake.
Kidevu ni changu, majirani wameapa.
Watu huona wanachokihitaji.
Hata mie nilikiona kidevu hicho,
mpaka nilipoikumbuka fomu.

Fomu ya hospitali ya Dar, kurasa tatu:
urefu, kundi la damu, kazi: mshonaji.
Maradhi ya kurithi: hakuna.
Na chini kabisa, palipoandikwa Mengineyo,
kwa mkono wake, kalamu ikivuja kidogo:
Nacheka kwa sauti. Sipendi bamia.

Daktari alituuliza: mwamtaka asiyejulikana,
au aliyekubali kutafutwa
mtoto akitimiza kumi na nane?
Shaame akajibu sijavuta hata pumzi: asiyejulikana.
"Yai ni yai, Mkasi. Mtu akitiwa damu spitali,
humuuliza mwenye damu jina lake?"
Aliyasema kwa upole,
kama asemavyo mambo anayoyaogopa.

Nikamwambia: wewe ulinyonya kwa Bi Time
mama yako alipougua homa ya uzazi.
Wiki mbili tu. Na mpaka leo mtaa mzima unajua
mabinti wa Bi Time ni dada zako;
ulipoanza kumtupia macho Raya
wazee walikuja usiku huo huo, hawakungoja kuche.
Tone la ziwa lina mwenyewe,
lina jina, lina mpaka wa nani amuoe nani.
Sembuse hili linalogeuka mtu?

Akanyamaza toka Dar mpaka boti ilipofunga Mkoani.
Pale bandarini, begi begani, akasema:
"Basi ajulikane."
Hajalitaja tena. Huu mwaka wa tisa.

Bahasha ipo chini ya doti zangu za kanga,
ndani ya mfuko wa nailoni, unyevu usiile.
Jina limo. Sijaifungua.
Kuna usiku naipapasa gizani,
gundi yake naijua kama kovu la tumbo langu.
Wivu? Nimeulisha kwa mkono wangu, umenenepa.
Nilimbeba mie. Nilitapika mie, miezi minne,
na kitovu chake kimezikwa hapa, chini ya mdimu.
Lakini Arafa akicheka, kicheko kinafika barabarani,
nami nashtuka kama niliyebishiwa hodi.

Sheikh sijamuuliza.
Najua nitakachojibiwa, na mtoto keshakuja.

Baada ya alfajiri namwombea yule mwanamke:
macho yake yasichoke kwenye sindano,
apate wa kucheka naye.
Dua inataka jina. Mie nasema,
ya Rabbi, yule asiyependa bamia.
Naamini keshamjua.

Leo nimepika bamia kwa changu,
na pembeni, sufuria ndogo, changu mtupu.
Bi Mchanga kaguna: "Mwamdekeza."
Arafa kala, kajilamba vidole,
kisha kaniuliza: "Mama, na wewe udogoni
hukupenda nini?"
Mie? Mie nilikula kila kitu.
"Sasa mie nimemfuata nani?"

Shaame kaacha kutafuna.
Hamtazami mtoto, ananitazama mie.

Kula kwanza, mwanangu.
Taratibu. Samaki ana miba.