Mota ya Mswaki

Barua ya shule ilisema: njooni na takataka.
Ilisema pia: wazazi wote wawili, ikiwezekana.
Lourenço aliibandika kwenye friji
na lile neno "ikiwezekana" akalifunika kwa sumaku.

Basi Jumamosi, theluji ikiwa bado imekalia mabega ya mlima,
nilipanda vichochoro vya Covilhã na mfuko wangu:
kopo la sadini, nimelisugua mara tatu na bado linanuka,
vijiti vya mishikaki, mpira uliofunga mboga,
na bobini nne za mbao kutoka kwa mama mkwe
(bado namwita hivyo).
Miaka thelathini na moja alizungusha uzi kiwandani;
kiwanda cha sufu kilipofungwa
alitoka nazo katika mfuko wa aproni,
akasema hayo ndiyo marupurupu yake.

Adérito alichelewa. Alikuwa amenyoa.
Akaketi upande wa pili wa meza,
mtoto katikati, kama mji wa mpakani
unaojua lugha zote mbili.

Meza ya jirani, Bwana Tamang, mchuma cheri,
na binti yake Pasang
walikwisha kumaliza lori la boksi la maziwa.
Kule mbele bibi na mjukuu waligombania helikopta
ambayo haikuwamo kabisa kwenye orodha.
Mwalimu Otília alipita na bunduki ya gundi:
vidole, jamani, vidole!

"Mota iko wapi?" akauliza Adérito.

Nikautoa mswaki.
Ule wa umeme, wa kijani, aliouacha katika glasi ya bafuni
siku aliyobeba masanduku mawili akasahau meno.
Miezi kumi na minne umesimama kando ya wangu.
Nilikuwa nikiupangusa vumbi.
Sijui kwa nini nilikuwa nikiupangusa vumbi.

Aliutambua. Hakusema.
Akachukua bisibisi, akaufungua taratibu,
kama mtu aliyerudishiwa barua
yenye mwandiko wake mwenyewe.
Ndani, mota, ndogo kuliko kidole gumba.
Nikamenya waya kwa meno.
"Usifanye hivyo," akasema,
kwa sauti ile ile ya jikoni, ya zamani,
na sote watatu tukanyamaza
mpaka gundi ikapoa.

Tukaliweka sakafuni. Lourenço akabonyeza.
Kopo likatetemeka, likaguna,
likarudi nyuma.

Yaliyopita si ndwele, husema watu.
Ya kwetu yalikuwa na betri.

Darasa zima likacheka. Adérito akapiga goti:
"Ni waya tu, nyekundu iende kwa nyeusi, dakika moja."
Lakini mtoto alikwisha kulinyakua.
Akachukua kalamu ya wino, akachora taa mbili
pale palipokuwa nyuma, na tabasamu la bampa,
akalirudisha chini.
"Sasa huku ndiko mbele."

Lori la Pasang lilishinda, na kwa haki.
Letu liligonga mguu wa kiti
likalala chali, bobini zikizunguka hewani,
na bado likinuka sadini.

Penye maegesho Adérito alikuwa akibandua gundi ukuchani.
Alisema kopo lile lilikuwa zuri.
Nikasema ni la kawaida, la dukani pale chini.
Akaniuliza duka gani, ingawa alilijua.
Nikamwambia. Akaondoka.

Usiku nilisikia kitu kikiguna ukumbini,
kikigonga ukuta, kikinyamaza, kikiguna tena.
Sikuamka.
Asubuhi saa ya ukutani ilikuwa imesimama
kwenye saa tano na dakika ishirini,
kidirisha chake cha mgongoni wazi, betri haimo,
na mwanangu amelala sakafuni kandokando ya kopo,
kiganja juu yake,
shavu limepakwa wino wa taa.

Nilichelewa kazini siku hiyo.
Betri sijairudisha.