Kati ya Mistari Miwili

Kitabu changu cha urubani kilikuwa kabatini,
chini ya risiti za mbolea na picha za arusi ya Danylo.
Ukurasa wa mwisho: Agosti, mwaka wa mavuno mabaya,
dakika sabini hewani, anga safi, mimi peke yangu.
Wiki ile ile tuliiuza ndege, tukanunua mashine ya kuvunia.
Sikulia. Ngano haimngoji mtu amalize kulia.

Miaka ishirini na sita.

Leo mwalimu wangu ni Tavish, ana ndevu za majaribio,
alizaliwa nikiwa nimeshatua.
"Tuanze taratibu, Bi Oresta," ananiambia,
kama anayemshika mgonjwa kiwiko.
Nakinga mafuta kidogo chini ya bawa,
nainua kikombe juani: buluu, hamna tone la maji.
Hilo halijabadilika. Wala harufu:
plastiki iliyobabuliwa na jua, petroli, jasho la wageni.

Lakini hiyo dashibodi! Zamani ilikuwa na mishale,
sasa inawaka kama duka la simu,
nami naitafuta kasi yangu humo
kama bibi anayetafuta miwani aliyoivaa.

Nasukuma mpini wa mafuta hadi ugome.
Pua inakimbilia kushoto. Nilisahau!
Mguu wa kulia unaamka kabla yangu,
unakanyaga, unanikaripia: nyamaza, hii kazi yangu.
Ardhi inaacha kugongagonga.

Chini, Saskatchewan: kanola ya njano, barabara za rula,
dimbwi, dimbwi, shule iliyoishiwa watoto,
na shamba letu, dogo kama deni lililokwisha kulipwa.
Nacheka kwa sauti.
Tavish anajifanya anakagua geji.

Kutua, hiyo ni habari nyingine.
Nadunda, nadunda tena, natulia, kumbe bado, nadunda.
Kimya. Kisha kijana anauliza,
"Niandike umetua mara ngapi?"

Anaandika moja. Anaandika
chini kabisa ya ule mstari wa Agosti,
hakuruka hata nafasi.
Natazama wino mkavu, wino mbichi,
na kati yao ufito wa kijivu uliochapwa kiwandani:
arusi, ukame, mazishi ya Bohdan, goti langu la chuma,
vyote vilipenya hapo, unene wa unywele.

Natwaa kitambaa, nafuta wadudu kwenye kioo cha mbele.
Jumamosi, namwambia. Kama hakuna upepo.
Nafuta kidogo tena.
Hata ukiwepo.