Nyuzi

Kamba hukatikia pabovu, husema watu.
Hii haikukatika.
Kano ya nyuma ya goti ilishika ilivyoshika,
ikang'oa kigingi chake: kibanzi cha mfupa,
kipana kama ukucha wa dole gumba.

Ndivyo alivyoletwa Tao Yunzhi, mpeleka vyakula.
Pikipiki ya umeme ilimlalia kwenye mteremko, Zunyi,
mvua, mabakuli saba ya tambi barabarani,
naye akiuliza, kabla ya kulia, nani atayalipa.

Daktari Shen anapenda skrubu.
Moja, na pete ndogo chini ya kichwa chake.
"Mfupa kwa mfupa. Ukikaza umekaza."
Naujua mlio ule mkavu wa mwisho,
kama mlango wa kabati uliokubali kufungika.
Ila kibanzi kikiwa chembamba hupasuka,
kimoja kikawa vitatu mkononi mwa fundi.

Daktari Mo anapenda uzi.
Huupitisha kwenye mizizi ya kano,
huuteremsha kwa vijitundu viwili vya muundi,
huufunga mbele, chini ya ngozi.
Makombo hayamtishi, huyafumbata yote.
Ila uzi hulegea. Si sana. Milimita mbili, tatu,
na goti linajua.

Walibishana miaka sita, kwa heshima, wakila mchana.
Kisha wakanipa mimi kipimapembe na daftari:
magoti arobaini na moja,
ishirini ya skrubu, ishirini na moja ya uzi.

Nimeyapima. Kunja. Nyoosha. Kunja tena.
Nyuzi mia na ishirini na nane. Nyuzi mia na thelathini na moja.
Safu mbili za tarakimu zikalala sambamba kama reli,
na hesabu ikasema: hakuna tofauti.

Lakini daftari halikuwa na safu ya Bi Luo Guifen,
mchuma chai wa Meitan, goti la kumi na nne, skrubu,
ambaye hakuuliza habari za nyuzi. Aliuliza
kama atachuchumaa chooni kwake bila kushika ukuta.
Mwezi wa tisa alichuchumaa mbele yangu,
akabaki huko chini, akanicheka.
Baridi iliyofuata chuma kilimwuma. Akauza nguruwe,
akarudi kukitoa. Skrubu ameitia kwenye kopo la chai.
Ukilitikisa, inalia.

Wala safu ya Tao, goti la thelathini, uzi,
ghorofa ya saba, lifti mbovu, supu isimwagike.
"Kupanda sawa. Kushuka linacheza," aliniambia,
"kama jino la mtoto."
Nikaandika: milimita tatu.
Pembeni, kwa penseli: ngazi.

Shen aliikuta ile penseli.
"Hii nayo ni takwimu gani?"
Sikuwa na jibu. Mo alikuwa dirishani, akimenya chungwa.

Leo limekuja goti la arobaini na mbili.
Picha inawaka ukutani, kibanzi chembamba kama ganda la yai.
Shen ameitazama mpaka chai yake ikapoa,
kisha, bila kugeuka, akamwuliza Mo
uzi anaotumia ni wa namba ngapi.