Sahani Mbili, Kadutu

Nsimire alichana kitenge cha marehemu shangazi,
akakilowesha kwa maji ya bomba, siku yalipokuja,
akapanga punje mia moja, kumi kwa kumi,
zimepakwa dawa, nyekundu
kama ulimi wa mtoto aliyelamba peremende.
Sahani ya pili: punje mia, tupu, rangi ya majani makavu.

Chumba chetu ni kimoja. Tulilala na mpunga
ukining'inia juu ya kitanda kwa kuogopa panya.
Harufu ile ilikuwa kali, tamu kidogo.
Usiku nilifungua dirisha, mvua ikaingia.

Siku ya tatu zile tupu zilikwisha kutoboa ganda,
vijino vyeupe. Nilihesabu: sitini na nne.
Nyekundu: kumi na tisa.
"Muuzaji ametuibia," nikasema.
Nsimire hakuinua kichwa.
"Zimelewa. Mlevi hafi, huchelewa."

Siku ya saba: tisini na moja. Themanini na sita.
Akachukua rula ya Murhula, iliyovunjika kwenye tisa,
akapima mizizi, mmoja mmoja, akiuzuia kwa ukucha.
Ya dawa ilikuwa mifupi, imejikunja
kama vidole vya mtu anayesikia baridi.
Yote akaandika kwenye kaye,
hata zile kumi na nne zilizonyamaza.

"Basi tupande tupu," nikasema.
Akanitazama.
Nikakumbuka Kamanyola, msimu uliopita:
mama yake ndani ya tope hadi magotini,
anavuta mche, na mche unakuja mkononi
bila mzizi, mwepesi, kama unywele wa mgonjwa;
na chini, funza wanene, wameshiba, hawana haraka.
"Kwenye sahani hakuna mdudu," akasema.
"Sahani nayo ina uongo wake."

Akafunga nyekundu kwenye gunia la peke yake.
Mama hasomi, kwa hiyo akachora kuku
miguu juu, kwa makaa, pande zote mbili.
Dereva akapewa maneno ya kubeba:
ongeza punje moja kila shimo,
na usubiri siku nne zaidi kabla ya kulia.

Halafu akanawa, mara tatu.
Maji ya rangi ya waridi yakashika mtaro,
yakateremka kuelekea ziwani.
Chini kidogo jirani alikuwa akiosha sombe.
Nilimwita kwa sauti, kwa jina lake lote,
aondoe beseni.