Pagumu

Saa tisa usiku, Turku. Sirkka-Maija amezima taa,
amebakiza hadubini.
Nje theluji imeizika baiskeli yake mpaka usukani.
Ndani ya kisanduku cha kioo, joto la kwapani,
seli moja inanyoosha mguu
ambao dakika iliyopita haukuwapo.

Unagusa uzi wa kolajeni, unashika, unavuta;
nyuma mkia unabanduka shingo upande,
kama kiatu topeni.
Saa nzima, na haijamaliza unene wa unywele.
Mwenda pole hajikwai, wanasema.
Huyu hujikwaa ndipo aende.

Juzi aliziweka kwenye jeli laini kama uji:
zikajikunyata, hazikutaka safari.
Leo jeli imekaza, na zote zimeamka,
zinapapasa upande uliokaza zaidi.
Anaandika daftarini: *si seli peke yake.*
Anafuta. Anaandika tena.

Miaka kumi na moja ameiuliza seli, Unakwenda wapi?
Hakuiuliza njia hata siku moja, Unampeleka wapi?

Mama yake, kule Rauma, aliugusa mwenyewe
akiwa sauna, sabuni mkononi.
"Hapa pamekuwa pagumu," alisema kwenye simu,
"kama kokwa ya cheri,"
kisha akauliza habari za baiskeli.

Seli imepita. Nyuma yake nyuzi
zimelala upande mmoja, majani yaliyokanyagwa,
na jirani yake, aliyekuwa ametulia,
anageuka kuelekea huko.