Dirisha la Sita

Alasiri ya Ijumaa, kiwanjani Seeb,
tulikaa nyuma ya goli lake tukamtia maneno.
Gunia la mbatata! Mikono ya samli!
Kwa Kiswahili, maana nani angetufahamu?
Mundhir alicheka hata kahawa ikamtapakaa kanzu.

Jumapili nikaenda kuhuisha leseni ya gari.
Nyuma ya kioo, dirisha la sita,
Yaarub.
Kilemba kimekaa sawa, kidole gumba kina plasta,
anagonga mihuri.

Mimi nilidhani wachezaji wakitoka uwanjani
huzimwa kama taa.

"Bima yako imekwisha tangu jana," akanambia,
na kile Kiswahili, wallahi, kilikuwa cha jikoni kwa bibi yake,
kimeiva, hakina haraka.
Nikahesabu misimu. Minne.
Neno kwa neno.

Mundhir anasema wote wana kiburi,
mmoja alimnyima mwanawe picha dukani Ruwi.
Pengine. Pengine alikuwa na njaa.

Huyu alinionyesha pa kutia sahihi,
akapuliza wino ukauke.
"Ijumaa uje," akasema,
"ila gunia likae upande wa jua."